Kufupisha mtutu wa gobori na kuchonga mdomo wake upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu iko Langoni, Lamu, na riziki yangu ni injini za mashua. Lakini kabla sijarudi nyumbani nilikaa miaka tisa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, nikifanya kazi kwa mzee mmoja aliyetengeneza magobori ya kulengea shabaha. Nilikwenda nikiwa fundi wa kerezo, mashine inayozungusha chuma kikachongwa, nikarudi na tabia ya kulitazama kila bomba mdomoni kabla sijalitazama kwingine. Tangu nirudi maswali hayaishi. Mengine huja kwa simu kutoka kwa watu wetu walioko ng'ambo, ambao Jumamosi huenda kulenga shabaha kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Mengine huletwa barazani na watu wa mjini waliorithi bunduki ya babu iliyotundikwa ukutani. Nimechoka kuyajibu moja moja, basi nimeyaweka hapa.

Gobori ni bunduki gani hasa?

Ni bunduki inayopakiwa mdomoni. Unamimina baruti, unaweka risasi, unashindilia kwa mdeki mpaka chini. Ile inayowashwa na jiwe ndiyo gumegume. Ya fataki, kikofia kidogo kinachowaka kikigongwa, ilikuja baadaye, katika karne ya 19. Na kabla ya hizo zote kulikuwa na ya utambi. Kwa habari ya mdomo wa mtutu, zote ni ndugu.

Mdomo wa mtutu una kazi gani hata mafundi wa Marekani na Uingereza wauite taji?

Wameuita taji kwa kuwa uko kileleni na umezunguka, sioni sababu nyingine. Kazi yake ni kuiaga risasi. Ukiwa na mtutu wenye mifereji, yaani mistari ya kujisokota iliyochongwa ndani ya tundu, risasi husafiri ndani ikizungushwa, na nyuma yake kuna moshi na hewa ya moto iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Inapofika mdomoni, kuna nukta moja ndogo ya wakati ambapo risasi imeshaachia chuma na hewa ile inaanza kutoroka pembeni yake. Mdomo ukiwa sawa pande zote, hewa hutoka sawa pande zote na risasi huenda ilikoelekezwa. Mdomo ukiwa na pengo upande mmoja, hewa hutangulia kutokea hapo, na risasi husukumwa kitako chake upande wa pili.

Fikiri jahazi linalotoka gatini. Limefungwa kwa kamba mbili. Ukizifungua pamoja, linatoka moja kwa moja. Ukiifungua ya tezi na kuichelewesha ya omo kwa muda wa kuhesabu mbili tu, jahazi zima limeshageuka, hata kama nahodha ni hodari na upepo ni mzuri. Safari nzima ya ndani ya mtutu yaweza kuwa safi, na ile kamba moja ya mwisho ikaiharibu.

Kwenye gobori kuna jambo la pili ambalo bunduki za kupakia nyuma hazina. Mdomo ule ule unaoiaga risasi ndio unaoipokea. Risasi duara huingia ikiwa imevikwa kitambaa cha pamba chenye mafuta, nacho ndicho kinachoshika mifereji. Mdomo ukiwa na ukingo mkali, kitambaa hukatwa kabla hata hakijateremka. Kwa hiyo mdomo wa gobori unatakiwa uwe sawa kama wa bunduki nyingine yoyote, na tena uwe mlaini kuliko zote.

Kwa hiyo nikikata inchi kadhaa, litapiga sawa zaidi?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo watu wasilopenda jibu lake. Ufupi hauna fadhila yoyote katika shabaha. Mtu hukata inchi tatu, akachonga mdomo mpya, akaona matundu kwenye karatasi yamekaribiana, akatangaza kwamba mtutu mfupi ni bora. Kilichomsaidia ni mdomo mpya. Angeondoa milimita mbili akachonga vile vile, huenda angepata matokeo yale yale na mtutu wake ungebaki mzima.

Kuna sababu za haki za kukata: mdomo umeliwa na mdeki kwa kina kirefu, umepasuka au umebonyea, kutu imechimba inchi ya mwisho, au bunduki ni nzito mbele na mwenyewe hawezi kuibeba. Nje ya hizo, weka msumeno chini.

Mdeki wa mti unawezaje kula chuma?

Mti hauli chuma. Kinachokula ni mchanga na masizi yaliyonasa kwenye mti. Kila ukishindilia, mdeki hupita ukiegemea upande ule ule wa mdomo, kwa kuwa mkono wako ni ule ule na unasimama vile vile. Baada ya mamia ya risasi, upande ule unakuwa umesagika na mifereji imefifia kwa muda wa nusu inchi, wakati mwingine zaidi. Ni kama kizingiti cha mlango wa msikiti: hakuna aliyekuja na patasi, na bado kimezama katikati.

Nitajuaje kwamba ubaya uko mdomoni na si kwingine?

Kwanza maliza mambo ya bei rahisi. Piga risasi tano kutoka kwenye egemeo, mita 50, ukisafisha tundu kati ya risasi na risasi. Kisha badili unene wa kitambaa, piga tano nyingine. Badili kipimo cha baruti, piga tano. Kaza kabari inayoshika mtutu kwenye mti wa bunduki, ule ubao unaoubeba, tikisa vilengeo kwa kidole uone kama vinacheza. Badili kimoja kimoja, la sivyo hutajua kipi kilikuponya. Katika magobori yaliyoletwa karakanani kwa mzee yakilaumiwa mdomo, mengi yalikuwa na kilengeo kilicholegea au kitambaa chembamba.

Yakishindikana hayo, njoo mdomoni. Chukua kijiti cha pamba ya masikio, uizungushe pamba taratibu kwenye ukingo wa ndani, itoke kidogo na kuingia. Ikiacha nyuzi zake mahali, hapo pana jino la chuma. Kisha shika kioo cha kukuzia, simama mlangoni penye jua, uuzungushe mtutu polepole. Mdomo mzuri huonyesha pete ya mwanga yenye upana mmoja pande zote, kama mwezi wa kumi na nne. Mdomo mbaya huonyesha mwezi wa kumi: upande mmoja mnene, mwingine umeliwa.

Ushahidi wa tatu uko chini. Viokote vitambaa vilivyotoka na risasi, kwa kawaida huanguka hatua chache mbele yako. Kilichochanika kwa mistari iliyonyooka kimekatwa, na mkataji ni mdomo au mifereji mipya yenye ukali. Kilichoungua katikati kikatoboka ni habari nyingine: ni chembamba mno au hakina mafuta ya kutosha, na mdomo hauna hatia.

Nikate kiasi gani?

Kidogo iwezekanavyo. Shuka na kitambaa kinachobana kwenye mdeki wa kusafishia, kisha ukivute juu polepole sana. Utausikia mkono wako: kinabana, kinabana, halafu karibu na mdomo kinalegea. Pale kinapolegea, tia alama kwenye mdeki usawa wa mdomo. Tofauti kati ya alama hiyo na mwisho wa kitambaa ndiyo sehemu iliyoliwa. Ikiwa ni robo inchi, kata robo inchi na unywele. Ikiwa hakuna kulegea, hakuna haja ya msumeno. Lainisha uso wa mbele kwa tupa na uchonge mdomo tu.

Jihadhari na kitu kimoja. Mitutu mingine ilitengenezwa makusudi ibane kidogo kuelekea mdomoni. Ukiikata hiyo, umeutupa ule ubanaji ambao fundi wake aliulipia jasho. Kitambaa kikibana zaidi mdomoni kuliko katikati, mshukuru fundi huyo na urudishe bunduki mahali pake.

Nguvu ya risasi haitapungua?

Itapungua kidogo. Baruti nyeusi huungua upesi, na mtutu wa inchi 28 unatosha kabisa kwa kazi nyingi. Bunduki ndefu za Pennsylvania za karne ya 18 mara nyingi zilikuwa na mtutu wa inchi 42 na zaidi, na za kisasa za kulengea zenye inchi 28 au 32 zinapiga bila aibu. Ukikata inchi moja au mbili hutaona tofauti kwenye karatasi kwa jicho lako.

Unachopoteza kwa kweli ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Fanya hesabu. Jicho likikosea milimita moja kwenye vilengeo vilivyoachana sentimita 90, mita 50 mbele umekosea kama milimita 56. Vikiwa vimeachana sentimita 70, kosa lile lile la jicho linakuwa kama milimita 71. Mtutu haujabadilika tabia, jicho lako ndilo limepewa kipimo kifupi. Vijana wenye macho makali hawalioni hili. Mimi wa kuvaa miwani naliona.

Nifanye nini kabla ya kugusa msumeno?

Hakikisha halijapakiwa. Usiseme "limekaa ukutani miaka sitini, litakuwa na nini." Baruti nyeusi ikiwa kavu haizeeki, na ya enzi ya babu yaweza kuwaka leo. Katika miaka yangu tisa tulikutana na magobori mawili yaliyoletwa yakiwa na risasi ndani, na wenyewe walikuwa wameyapitisha mkononi sebuleni, watoto wakiyachungulia.

Njia ni hii. Elekeza mdomo mahali salama, mbali na mtu. Telemsha kijiti kirefu mpaka kigote chini, ukisimama pembeni, usiinamie mdomo. Tia alama kwenye kijiti usawa wa mdomo. Kitoe, ukilaze nje sambamba na mtutu, alama kwenye mdomo. Ncha ya kijiti inatakiwa ifike karibu na tundu la moto, pale mtambo unapowashia. Ikiishia inchi moja au mbili kabla, kuna kitu mle ndani. Simama hapo hapo. Usipige nyundo, usitie moto, usijaribu kukifungua kitako. Huko ng'ambo, mpelekee fundi wa magobori. Huku kwetu, wapigie polisi, na uiache bunduki pale pale ilipo.

Na kukata kwenyewe?

Toa mtambo, ondoa mtutu kwenye mti, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe. Shindilia kitambaa chenye grisi ndani, kiasi cha vidole vinne chini ya mahali utakapokata, ili vumbi la chuma lisiteremke. Funga mtutu kwenye jiliwa, ukiweka ngozi au mbao laini pande zote mbili, kwa sababu meno ya jiliwa hayana adabu.

Mstari wa kukatia usiuchore kwa macho. Mtutu wa pembe nane, tumia guni, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye kila uso, moja baada ya jingine, mpaka mistari ikutane ilipoanzia. Isipokutana, umekosea mahali, rudia. Mtutu wa mviringo, uzungushie ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka; kingo zikilaliana sawasawa, mstari wako ni wima. Kata milimita moja nje ya mstari kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Usikate kutoka upande mmoja hadi mwingine kama unayekata muwa. Kata kidogo, zungusha mtutu, kata kidogo, zungusha tena, kila upande ufuate mstari wake.

Halafu tupa. Hapa ndipo subira inapohitajika, kwa kuwa tupa mkononi mwa mtu mwenye haraka huchonga kilima. Pitisha mara tano, weka guni, itazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya upande mmoja, punguza upande wa pili. Nilikuwa nikimaliza kazi hii kwa dakika arobaini, na mzee alikuwa akiniambia nimeharakisha.

Nawezaje kuchonga mdomo bila kerezo?

Mafundi wa injini watacheka, kwa sababu ni kazi ile ile ya kusaga vali. Unahitaji skrubu ya shaba ya manjano yenye kichwa cha mviringo kama nusu ya gololi, kipana kuliko tundu. Kwa tundu la nusu inchi, kichwa kiwe kama robo tatu ya inchi. Unahitaji keekee yenye mwendo wa polepole. Na unahitaji dawa ya kusagia vali, ile ya kopo lenye mifuniko miwili, upande mmoja ya kukwaruza na wa pili laini. Nilipoliona kopo hilo mara ya kwanza Pennsylvania nilicheka peke yangu, maana la ami yangu lilikuwa juu ya rafu hapa Langoni tangu mimi ni mtoto.

Ziba tundu kwa kitambaa, kiasi cha inchi mbili chini. Anza kwa kuondoa ukali wa ukingo kwa patasi ya duara yenye mwinamo wa nyuzi (digrii) 45, kwa mkono, si kwa mashine, mizunguko michache tu. Kisha paka dawa ya kukwaruza kwenye kichwa cha skrubu, kiweke mdomoni, washa keekee polepole, na huku inazunguka, mkono wako nao uizungushe keekee yenyewe kidogo kidogo, kama unayekoroga kahawa kwa mpini mrefu. Mkono ukisimama mahali pamoja, kichwa cha shaba kitachimbika mfereji, na mfereji huo utauhamishia mdomoni. Kila nusu dakika futa, tazama. Zungusha mtutu robo kwenye jiliwa, endelea. Pete ya mwanga ikishakuwa na upana mmoja pande zote, hamia kwenye dawa laini.

Hapo mfanyakazi wa bunduki za kisasa angeacha. Wewe hujamaliza. Chukua kipande cha msasa wa namba 320, kiweke juu ya mdomo, kibonyeze katikati kwa kidole gumba ili kizame kidogo ndani, na uuzungushe mkono nusu kwenda, nusu kurudi. Mara kumi na mbili, kisha zungusha mtutu robo. Halafu 400, halafu 600. Nyama ya kidole gumba ina ulaini ambao hakuna chuma kinachoweza kuuiga: inashuka kwenye mifereji na kupanda kwenye matuta, na kuacha kila ukingo umeviringika kidogo. Ukimaliza, rudi na pamba ya masikio. Isiache hata uzi. Toa kitambaa ulichozibia kwa kukivuta nje, kisirudi ndani na dawa yake, kisha osha mtutu mara mbili.

Kwenye kerezo si ndiyo bora zaidi?

Ni bora ikiwa fundi anajua anachokiegemeza. Tundu la mtutu mara nyingi halikai katikati kabisa ya chuma, kwa kuwa keekee ndefu hupotea njia kidogo inapotoboa. Ukiufunga mtutu kwa kufuata uso wa nje, utachonga mdomo unaofuata uso wa nje, nao hautalingana na tundu.

Nililifanya kosa hili mwezi wangu wa pili. Kwa macho ulipendeza, unang'aa kama kikombe cha fedha. Mwenyewe alirudi baada ya wiki na karatasi mbili, ya kabla na ya baada, na ya baada ilikuwa mbaya zaidi. Mzee hakunigombeza. Alinipa mtutu na kijiti cha pamba na kioo, akaenda zake kunywa kahawa. Pete ilikuwa mwezi wa kumi. Tangu siku hiyo sijafunga mtutu kwenye kerezo bila kuupimia kwenye tundu kwa kijiti cha chuma kinachobana ndani, na kipimo cha saa juu yake, kile chenye uso na mshale kama wa saa.

Mwinamo wa mdomo uwe nyuzi 45 au nyuzi 11?

Kwa risasi iliyovaa kitambaa, umbo si hoja kubwa, usawa na ulaini ndio hoja. Nyuzi 11 ni ya bunduki za kupakia nyuma. Wapo pia wanaochonga mdomo kuwa kama faneli refu, inchi moja au mbili ndani, ili risasi iingie kwa kidole gumba bila kugongwa. Inarahisisha kupakia. Mimi siipendi kwa mtutu mzima, maana chuma kikishatoka hakirudi.

Vilengeo vitakuwaje baada ya kukata?

Kilengeo cha mbele kimeondoka na kipande ulichokata, au kimebaki karibu mno na mdomo. Itabidi uchonge kitanda kipya, kwa kawaida kama inchi moja kutoka mdomoni, na uweke kilengeo kirefu kuliko unachodhani unahitaji. Bunduki itapiga chini. Ndivyo unavyotaka, kwa sababu ukikipunguza kilengeo cha mbele kwa tupa, risasi hupanda, na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza.

Hesabu: risasi ikianguka sentimita 10 chini kwa mita 50, na vilengeo vimeachana sentimita 70, unatakiwa uondoe milimita 1.4. Ondoa moja kwanza. Piga tena.

Na mti, na mdeki?

Mdeki ufupishwe, lakini usiufupishe sana. Ubaki umetokeza kidogo mdomoni ukiwa umefika chini, la sivyo siku moja hutaweza kuutoa. Bunduki ambayo mti wake unaishia nusu ya mtutu haina taabu. Ile ambayo mti unakwenda mpaka karibu na mdomo, utakata na mti na kuhamisha kofia yake ya mbele, na hapo kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Nina gobori la babu, liko ukutani kwetu Mkomani. Unikatie?

Hapana, kaka. Si kwa fedha yoyote.

Kwanza sheria. Kenya, bunduki iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye kuweka silaha bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha anajitafutia kesi. Mimi nina leseni ya biashara ya kutengeneza injini. Sishiki msumeno juu ya silaha ya mtu katika mji huu. Kama bunduki yenu haina karatasi, mazungumzo yaanzie kituoni au kwa watu wa makumbusho pale ngomeni, yasianzie kwangu.

Pili, kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Taifa ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale. Magobori mengi ya nyumba za Lamu yana umri huo. Karne ya 19 bunduki za Birmingham na Liège zilimiminika pwani hii kupitia Unguja. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukaja kuzuia bunduki za mifereji na za kupakia nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaziachia njia gumegume zisizo na mifereji. Mwaka huo huo Waingereza waliushambulia mji wa Witu, siyo mbali na hapa. Bunduki ya babu yako yaweza kuwa imepita katika mambo hayo, na urefu wake ni sehemu ya maneno yake. Hakuna anayekwenda Makumbusho ya Lamu na kusema siwa ya shaba, lile baragumu la kale, ipunguzwe kidogo ili ilie vizuri.

Na tatu, ambalo lingetosha peke yake: huenda haitafaidika. Bunduki nyingi za biashara zilikuwa na tundu laini lisilo na mifereji. Ile bunduki maarufu ya jeshi la Uingereza yenye tundu la robo tatu ya inchi, toleo la India, ilikuwa na mtutu wa inchi 39 na risasi iliyocheza ndani yake kama punje ya mchele kwenye debe. Uichongee mdomo wa dhahabu, kwa mita 100 bado utamkosa ng'ombe.

Naweza kuwindia gobori hapa Kenya?

Uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku tangu mwaka 1977.

Na sisi tulioko ng'ambo?

Marekani, sheria ya shirikisho huyaweka magobori mengi ya baruti nyeusi katika fungu la silaha za kale, lakini majimbo yana sheria zao, na jimbo jirani laweza kuwa kinyume kabisa. Uingereza ni wakali zaidi. Kufupisha mtutu wa bunduki ya marisau, ile inayopiga vipira vingi vidogo, chini ya inchi 24 ni kosa. Uliza polisi wa ulipo kabla ya kununua msumeno. Uwanja wa shabaha nao utakuwa na kanuni zake, zifuate.

Mtutu laini wa marisau nao una mdomo wa kuchonga?

Unao, na unatakiwa usiwe na jino wala mbonyeo. Zaidi ya hapo usijisumbue. Marisau yenyewe husambaa.

Nipake mafuta gani?

Usitumie mafuta ya injini. Yakikutana na masizi ya baruti nyeusi huganda kama lami, na risasi ya tatu haitashuka. Tumia ya mimea au ya mnyama. Wamarekani huchanganya nta na shahamu ya kondoo, na hiyo hata sisi hatuna kinyongo nayo. Mafuta ya nazi ni mazuri, ila hapa kwetu hayagandi, yanachuruzika hadi kwenye baruti. Yachanganye na nta.

Baada ya kupiga, osha siku hiyo hiyo. Maji ya moto, sabuni, kausha, paka. Masizi ya baruti yana chumvi ndani yake na huvuta unyevu. Mtu aliyekaa Lamu hahitaji kuelezwa chumvi inavyofanya chuma. Atazame tu komeo za madirisha yanayoelekea bahari. Mdomo ulioufanyia kazi wiki nzima unaweza kuchimbwa na kutu kwa usiku mmoja wa uvivu, hasa pale ulipousugua kwa msasa, maana chuma kiko uchi.

Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, kidogo tu?

Hapana, hata chembe. Mgandamizo wake haukuwahi kufikiriwa na aliyeutengeneza mtutu huo. Unapasuka, na unapasuka karibu na uso wako.

Kipande nilichokata nikitupe?

Usikitupe, na ikiwezekana kitumie kabla hujachonga mtutu wenyewe. Kifunge kwenye jiliwa, fanya kazi yote juu yake: tupa, patasi, skrubu ya shaba, kidole gumba na msasa. Ukiharibu, kata milimita tano, anza tena. Wengi wetu tulijifunza hivyo, na kipande cha inchi tatu kina midomo mingi ndani yake. Kikishafupika, kipasue kwa urefu uone mifereji inavyojisokota na pale mdeki ulipopita; hakuna picha itakayokuonyesha vile.

Changu cha kwanza ninacho bado. Kina pembe nane, mdomo wa upande mmoja ni mzuri na wa pili ni wa aibu. Kiko juu ya meza ya karakana, kimekalia risiti za vipuri zisipeperuke wakati wa kusi, na watoto wakipita hukipuliza.